Njia Iliyobaki

Kila kosa la barabarani lilimfungia dereva barabara moja, na kufungiwa kulikuwa kwa maisha. Ndiyo maana Nyemo hakuwahi kuwasha gari kabla ya kuandika namba yake kwenye simu na kutazama makosa yaliyorekodiwa. Jana hapakuwa na kosa jipya. Leo palikuwa na moja: hakusimama kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, Barabara ya Mkwajuni. Alifungua picha. Gari lilikuwa lake, lakini kivukoni hapakuwa na mtu.

Mkwajuni ndiyo njia pekee iliyokuwa imembakia ya kwenda hospitali. Baba yake alikwisha kaa kiti cha mbele, miguu imevimba, akisubiri kupelekwa kusafishwa damu.

"Kuna kosa, mwanangu?"

"Hakuna, Baba. Tulia."

Akasogea kando, akampigia kaka yake, Yoramu.

"Njoo umchukue Baba."

"Mtaa wenu nilishafungiwa, Nyemo."

"Basi nitambeba hadi Mkwajuni. Simama hapo dakika moja tu."

"Kusimama pale ni kosa," Yoramu alisema kwa sauti ya chini. "Na mimi nimebakiwa na njia hiyo hiyo." Akakata simu.

Nyemo alimbeba baba yake mgongoni mpaka Mkwajuni, akaanza kutembea ukingoni mwa barabara. Magari yaliwapita bila kupunguza mwendo. Moja lilikuwa la Yoramu. Mzee alilitambua, akainua mkono kumpungia mwanawe.

Yoramu alitazama mbele tu.

"Hakutuona," mzee alisema.

"Ndiyo, Baba. Hakutuona."