Barua za Huzuni Husubiri Ijumaa

Mzazi mwenzangu, kama mwanao ameajiriwa, nisikilize. Siku hizi wafanyakazi hulala hukohuko kazini, Jumamosi hadi Ijumaa, na njia ya kuwapata ni barua pepe ya ofisi tu. Mwanangu Tunu ndiye msimamizi wa seva, kompyuta inayopitisha barua hizo. Watu walikuwa wanasoma habari mbaya za nyumbani na kulia mezani, kazi inalala, basi akaiwekea seva chujio: barua yenye huzuni isubiri Ijumaa jioni. Wakubwa wakampongeza, nami nikajigamba kwa majirani.

Jumatatu baba yake akazidiwa. Nikaandika, "Tunu, hali ya baba ni mbaya, anakuita." Kimya. Jumanne nikaandika tena. Jumatano tukamzika.

Ijumaa akaingia mbio, viatu mkononi. "Mama, baba yuko wapi?"

"Tumemzika juzi. Barua zangu hukuziona?"

"Zimenifikia leo jioni, zote pamoja."

"Si useme seva iliharibika, mwanangu? Shangazi zako wanakusema vibaya."

Akakaa sakafuni. "Nimeikagua, mama. Haina hitilafu. Imefanya nilivyoiagiza."

"Basi liondoe hilo chujio."

"Nimewaomba wakubwa. Wamekataa."

Kesho yake akarudi kazini. Mimi nina uvimbe ubavuni, na unakua. Kila Jumatatu namwandikia kwamba sijambo, kunde zimestawi. Barua hiyo humfikia papo hapo, naye hunijibu kwa furaha.