Msimu wa Ukoo wa Mhina

Siku hizi kila ukoo unapewa msimu mmoja tu wa kupandia kwa mwaka, pamoja na mvua yake, na ndugu hukubaliana uende bustani ya nani. Ukikaa kwa mtu mmoja miaka mitatu mfululizo, basi ni wake moja kwa moja.

Wa kwetu ulikwenda Norwe kwa binti yangu Nakijwa mwaka juzi, ukaenda na mwaka jana. Mimi nipo hapa Mombo, natazama matuta ya marehemu mama yake yalivyopasuka kwa ukame.

Jana akapiga simu. "Shikamoo baba. Bustani inaendeleaje?"

"Marahaba mama. Usiniulize! Namwagia maji ya kuoshea vyombo tu, lakini boga limekuwa kubwa hadi kuku kaingia kutaga ndani, na jogoo hajui apige hodi wapi."

Alicheka mpaka akakohoa. "Baba, wewe muongo!"

"Si uje uone."

"Huku theluji haijaisha, na wajukuu zako wanataka kupanda njegere. Lakini ukisema unauhitaji msimu, nauacha, nasi tunakuja kupanda huko. Sema kweli, baba."

Nikawaza wale watoto na njegere zao.

"Chukua, mama. Maboga yananitosha."

Akauidhinisha msimu uende kwake papo hapo. Dakika chache tu baadaye, akapiga kelele: "Baba, mvua hiyo!"

"Usikate simu," nikamwambia. "Iweke dirishani."

Akaiweka. Nikakaa pale juani, simu sikioni, nikisikiliza mvua yetu inavyonyesha kwa watu.