Ukurasa wa Thelathini na Moja

Karatasi haikutaka kuungua. Kabale aliisukuma tena kwenye makaa kwa mwiko, akapuliza hadi machozi yakamtoka, na bado ilikuwa inajikunja pembeni tu kama ngozi iliyoanikwa. Waingereza wa wakati ule walitumia karatasi nzito.

Ilikuwa saa saba na nusu mchana. Saa nane alitakiwa awe ameketi masijala, mtandio umekaa sawa, uso mkavu, kama mtu aliyetoka kula chakula chake. Nje ya lango la nyumba yake, hapo mtaani Kiwanjani, kijana wa boda aliyemleta alikuwa anapiga honi.

"Ngoja!" alifoka. Hakuwa mtu wa kufoka.

Miaka kumi na miwili alikuwa ametunza mafaili ya serikali pale Isiolo, na hakuwahi kuiba hata kalamu. Lakini jana aliingia mtu mmoja, Muiruri, mtaalamu wa miamba, buti zimejaa vumbi na nyundo ndogo kiunoni.

"Habari, madam. Natafuta ripoti ya mwaka wa arobaini na tatu, ya maji na madini. Wakati wa vita kuna Mzungu alizunguka huko Garbatulla akiandika kila kitu."

"Unaitakia nini?"

Muiruri alitazama mlango, akasita. "Ni utafiti tu. Lakini tafadhali, itunzeni. Nimetafuta Nairobi nikakosa. Nakala ni hiyo moja. Ikipotea, basi."

Kabale alimpa jibu ambalo masijala humpa kila mtu: njoo kesho.

Ripoti alijua ilipo. Na watu wenye nyundo alijua wanatafuta nini. Tangu mwaka jana kampuni moja ya madini ilikuwa imepigilia vigingi kuzunguka Kisima cha Godana, kisima alichokichimba babu yake kwa mikono yake, na ambacho baba yake, mzee Huqa, bado ananyweshea mifugo ya ukoo mzima. Leo vigingi, kesho ua wa waya. Kisima kikifungwa ndani ya waya, ng'ombe na ngamia wale wote wataenda kunywa wapi? Usiku kucha alijigeuza kitandani, akainuka, akanywa maji, akalala, akainuka tena. Alimchukia yule mtu wa nyundo hata akajishangaa.

Asubuhi alifika kazini kabla ya wote. Akaishusha ripoti, kitabu chembamba kilichoshonwa kwa uzi, akaipekua akiwa amesimama, sikio liko mlangoni. Ukurasa wa thelathini na moja ulimkata maini. Palikuwa na mchoro wa vilima viwili anavyovijua toka utotoni, na kando yake maneno kwa wino mwekundu: ulanga, mwingi, wa daraja la kwanza. Yale mawe yanayong'aa kama kioo, Waingereza waliyoyataka kwa redio za ndege zao za vita. Na chini kabisa: aliyetuonyesha ni Godana.

Babu yake mwenyewe! Aibu ilimpanda hadi masikioni. Hakusoma zaidi. Alilaza rula kwenye mshono, akaing'oa karatasi pole pole, akaificha kifuani. Ikakaa hapo asubuhi nzima, ikimkwaruza kila alipoinama.

Sasa, mwishowe, moto ulishika. Maandishi ya upande huu na ya upande ule yakaonekana kwa pamoja, yakapishana, kisha yakawa majivu. Kabale aliyaponda kwa mwiko. Kwa mara ya kwanza tangu jana alipumua mpaka tumboni. Akatoka, akapanda boda, na njiani akamwomba kijana yule msamaha kwa kumfokea.

Masijala alimkuta baba yake amesimama kwenye kaunta, fimbo mkononi, vumbi la Garbatulla kwenye ndevu. Kando yake alisimama Muiruri.

"Salaam aleikum, Kabale."

"Aleikum salaam, Abba. Umefuata nini mjini? Na huyu mtu..."

"Huyu ni mtu yetu," mzee Huqa alisema. "Sisi wazee ndio tulimleta. Mimi ndio nilimkataza asiseme kitu hapa ofisini, hata kwa wewe. Hii mji iko na masikio."

Kabale alishika ukingo wa kaunta. "Lakini yale mawe..."

"Mawe kampuni wanayajua, madam," Muiruri alisema. "Wamechimba, wamepima, hiyo si siri tena. Lakini kesho kortini watasema hapo hapakuwa na mtu wala kisima, ati nyinyi mlikuja juzi. Hakimu ameuliza kama kuna karatasi ya zamani. Na iko! Yule Mzungu aliandika kisima ni cha Godana, alikichimba mwaka gani, na ukoo gani unakunywa hapo. Mwalimu wangu aliisoma zamani, akaniandikia mpaka nambari. Ukurasa wa thelathini na mbili."

"Leta, mwanangu," mzee Huqa alisema, akitabasamu. Tangu vigingi vipigiliwe, Kabale hakuwa amemwona akitabasamu.

Alikwenda kwenye rafu, akakileta kile kitabu. Muiruri alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka juu ya kaunta, akalamba kidole, akaanza kufunua kwa uangalifu, akihesabu kwa sauti ili mzee naye asikie.

"Ishirini na tisa," alisema, akafunua. "Thelathini."

Kidole kikavuka hadi ukurasa wa upande wa pili.

"Thelathini na tatu."