Pete ya Mlango wa Kanisa

Fulko alikuwa amemchinja kulungu wa mfalme, na sasa alikuwa ameng'ang'ania pete kubwa ya shaba kwenye mlango wa kanisa. Sheria ilikuwa takatifu na wazi: anayeishika kwa mikono miwili ni mali ya Mungu, akiiachia ni mali ya kitanzi. Padre alikuwa ndani akiimba sala, naye hakuwa mtu wa kuruka hata ubeti mmoja.

Ndipo inzi alipotua puani mwa Fulko.

"Jikune tu, bwana," alisema Otoni, askari aliyekuwa akimsubiri ngazini. "Sisi hatuna haraka."

Fulko alikunja uso, akapuliza, akarukaruka. Inzi alijisogeza kidogo, kama mgeni anayechagua kiti.

"Basi nikukune mimi?"

"Niguse, Kanisa likutenge, ukose hata wa kukuzika."

Otoni aliurudisha mkono upesi, akatafakari. Kisha akachomoa unyoya kofiani mwake.

"Huu si mkono," alisema kwa upole, akaupeleka puani.

Ndani, amina ya mwisho ilisikika, na komeo likaanza kukwaruza. Fulko alifumba macho, kifua kimejaa chafya, vidole vikiteleza kwa jasho juu ya shaba.