Mgeni wa Mama

Prosperi alipofika nyumbani mchana alisikia mama yake anacheka uani, akasimama. Tangu amtoe Ulyankulu, kwenye makazi ya Warundi wenzake, kumleta hapa mjini Kanyenye, awe karibu na hospitali, mama wa watu alikuwa hajacheka hata kidogo.

"Leo mama kapata mgeni," jirani alimwambia, huku akikuna nazi barazani. "Wanapiga Kirundi chao tangu asubuhi. Si nilikwambia atazoea?"

Majirani walikuwa wema, huwezi kuwasema vibaya. Ramadhani walimletea mama futari, naye ni Mkatoliki. Lakini mtaa mzima hapakuwa na mtu wa kuongea naye lugha yake, wala wa kuzunguka naye chungu kimoja, kila mtu na mrija wake, kama walivyokunywa kwao wakitoka shamba.

Prosperi akaingia uani mbiombio, shikamoo ya mgeni iko mdomoni.

Chungu cha togwa kilikuwa katikati ya vigoda viwili, kimechomekwa mirija miwili. Mama alinyonya mmoja, akasema jambo. Kisha akainuka polepole, mkono kiunoni, akahamia kigoda cha pili, akanyonya mrija wa pili, akajijibu kwa sauti nyingine. Akacheka.

Prosperi akachuchumaa kando yake. Akanyoosha mkono kuuchukua mrija ulioachwa.

"Mama, leo nitakunywa na wewe."

Mama akamshika mkono, kwa upole kabisa.

"Ngoja, mwanangu. Mwenzangu hajamaliza."