Mgonjwa Asiyetaka Kuja

Jumanne ya nne, fundi umeme aliingia tena kwa daktari peke yake.

"Na leo pia hukuja naye, baba?"

"Hataki, daktari. Nimembembeleza hadi mate yamenikauka. Anasema yeye si mwehu."

Alikuwa mtu wa miaka hamsini na ushei, mpana wa mabega, penseli nyuma ya sikio. Alikaa ukingoni mwa kiti, kama mtu aliyeacha kazi katikati. Daktari, mwanamke kijana anayeweza kuwa binti yake, alifungua daftari alimoandika habari za mgonjwa ambaye hajawahi kumtia machoni.

Jumanne ya kwanza fundi alimweleza yote kwa pumzi moja. Mkewe halali. Akilala kidogo anashtuka, anazunguka nyumba nzima akigusa soketi moja moja kwa mgongo wa kidole, ananusa ukuta, anarudi kitandani, anaamka tena. Chakula anakitazama tu. Zamani alikuwa mcheshi wa kuchekesha watu hata msibani. Siku hizi ukimsalimia anaitikia kama umemtwisha gunia.

"Ilianza lini?"

"Tangu afiwe na wifi yake. Nyumba ya huyo wifi iliungua mwaka juzi. Wifi hakutoka."

"Walipendana?"

"Amemlea tangu akiwa mdogo."

"Anajilaumu?"

"Wakaguzi walisema moto ulianzia kwenye jiko la mafuta. Nimemwambia mara mia. Anasikia, lakini haimwingii."

Walikwisha kuhangaika kila mahali. Vidonge vya usingizi vya dukani vilimlaza siku tatu kama gogo, kisha wasiwasi ukarudi na jamaa zake wote. Amekunywa mizizi michungu, ameombewa, amepelekwa kwa ndugu apumzike, siku ya tatu akarudi mwenyewe kwa miguu.

"Ugonjwa huu unatibika," daktari alimwambia. "Kuna dawa za kila siku, na kuna mazungumzo. Dawa ya kwanza isipomfaa, tunabadilisha mpaka tupate yake. Lakini siwezi kumpa dawa mtu ambaye sijamwona."

Fundi alifikiri. "Na anayemeza dawa hizo, mikono haitetemeki? Anaweza kupanda ngazi?"

"Ngazi ya nini?"

"Mke wangu anashona mapazia, daktari. Kuna kuyatundika."

Basi wakaendelea hivyo. Daktari alitoa ushauri, fundi akaupeleka nyumbani: atembee alfajiri, asijifungie, aseme yanayomsumbua kwa mtu wa kumsikiliza. Kila Jumanne fundi alirudi na majibu. Ametembea, lakini miguu mizito. Amejaribu kusema, maneno yakakwama kooni. Nusu saa ikawa saa nzima, na daktari hakuwa na moyo wa kumkatiza. Akitoka pale alionekana mwepesi kidogo, hata muuguzi wa mapokezi akatania, "Huyu baba anampenda mkewe jamani! Sisi wengine tumeolewa na mawe."

Jumanne ya tatu daktari alimpa karatasi yenye maswali tisa ampelekee mkewe ayajibu. Fundi alichomoa penseli sikioni, akajaza palepale kwenye benchi la nje, akairudisha kabla mgonjwa mwingine hajaingia.

"Hukumwuliza mwenyewe?"

"Miaka ishirini na sita, daktari. Namjua."

Leo hakuwa na majibu ya kuleta. Alikaa akikunjakunja ukosi wa shati.

"Juzi amesema jambo," alisema hatimaye.

"Jambo gani?"

"Kwamba watu wa nyumbani wangepumua, laiti asingekuwepo."

Daktari aliweka kalamu chini. "Amesema anataka kufanya nini?"

"Hajasema. Lakini wazo haliondoki."

Daktari alisimama, akavua koti jeupe na kulitundika nyuma ya mlango. "Twende."

"Wapi?"

"Kwako. Yeye haji, mimi naenda."

"Sasa hivi?" Fundi alibaki amekaa. "Lakini hajajiandaa, daktari."

"Hakuna mgonjwa anayejiandaa, baba. Simama twende."

Haikuwa mbali. Walipita duka la vioo, wakakata kona kwenye karakana ya baiskeli. Daktari alikuwa na haraka, akipanga kimoyomoyo maneno ya kumwambia mama wa watu asije akamfungia mlango. Fundi alizidi kubaki nyuma. Mara moja aliinama kufunga kamba ya kiatu, na kamba ilikuwa imefungwa.

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Ndani cherehani ilinguruma, na juu ya ngurumo hiyo mtu aliimba kwa sauti nene isiyo na haya. Wimbo ulikatika. Akatoka mwanamke mnene, macho maangavu, tepe ya kupimia shingoni na pini tatu midomoni.

"Shikamoo, mama," alisema daktari. "Mimi ni daktari. Mumeo amekuwa akinieleza hali yako. Nimekuja nikuone mwenyewe."

Mwanamke alitoa pini moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kola ya gauni lake. Alimtazama mumewe. Fundi alikuwa amekikodolea macho kizingiti, na mabega yake mapana yalikuwa yanatikisika.

Mkewe alimshika mkono, akamwingiza ndani kama anayemvusha barabara, akamkalisha kwenye kiti mbele ya daktari.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Mimi ni mzima. Tangu dada yake aungue katika nyumba aliyoitia umeme kwa mikono yake, nimemsihi aende kwenu, akaniapia kwamba heri afe kuliko kuonekana akiingia mlango ule kwa ajili yake mwenyewe. Nikamwambia, basi nenda, useme ni mimi."