Mtihani wa Daktari Waya

Daktari Waya alikata roho saa mbili na dakika kumi asubuhi, dakika hamsini kabla ya mtihani wake. Alitoa mlio mmoja mwembamba na harufu ya plastiki iliyoungua, basi.

Kwa kweli hakuwa daktari. Ilikuwa kompyuta iliyofundishwa kupokea simu za wazee wenye presha, kuwauliza hali zao na kuwakumbusha dawa. Aliyeifundisha, mtafiti mmoja mwenye miwani iliyofungwa plasta, alikuwa ameitumikia miaka sita. Kwa ajili yake alikosa harusi za binamu zake wawili na akasahau siku yake mwenyewe ya kuzaliwa.

Leo ilikuwa siku ya hukumu. Wazee wanane waliochaguliwa na muuguzi wa kliniki wangepiga simu, mmoja mmoja, kutoka chumba cha ng'ambo ya ua. Kisha wangekuja ukumbini, na Profesa, msimamizi wa mtafiti, angemuuliza kila mmoja: umezungumza na mtu au na mashine? Wanne wakisema mtu, mtafiti amepata shahada yake ya uzamivu. Wakipungua, aanze upya.

Aliipiga kompyuta kofi. Akaibembeleza. Akaichomoa na kuichomeka. Mfukoni simu yake ikatetemeka kwa mara ya tatu tangu jana.

"Mama, nipo kwenye kikao. Nitakupigia."

"Nilitaka tu kukuambia, pale kliniki wame..."

"Nitakupigia, Mama."

Kikao chenyewe kilikuwa yeye na kompyuta iliyokufa.

Ndipo likamjia wazo, la aibu lakini zuri. Kama swali ni mtu au mashine, yeye si mtu? Tena mtu mzima mwenye meno yote. Kwa kanuni za mtihani hakutakiwa kuonekana ukumbini, kwa hiyo hakuna ambaye angemtafuta. Akabeba simu ya mashine, akajifungia kwenye stoo ya karatasi iliyopakana na ukumbi, akakalia ndoo iliyopinduliwa.

Simu ya kwanza ilitoka kwa dereva mstaafu. Vumbi la stoo likampanda mtafiti puani, akapiga chafya katikati ya swali la chumvi. Wa pili alimuuliza kama ameolewa. Wa tatu alitaka kujua presha inapanda kwenda wapi. Mtafiti alijibu wote kwa upole, huku akijipongeza. Kufikia wa saba alikuwa anajiona ameshavaa joho.

Simu ya nane ikalia.

"Haloo, Daktari Waya? Mimi ni namba nane."

Nusura aanguke kutoka kwenye ndoo. Sauti hiyo angeitambua hata ikitokea chini ya kisima. Akajibana pua kwa vidole viwili.

"Karibu, namba nane. Unajisikiaje leo?"

Hilo lilikuwa kosa. Mama aliulizwa anajisikiaje, naye akaeleza. Alianza na goti, akaenda kwenye kisigino, akapitia kwa jirani aliyeazima ngazi na kuirudisha imepungua kidaraja kimoja, akaishia kwenye ndoto ya ng'ombe aliyekuwa akisoma gazeti. Mtafiti alitamani kukata. Lakini Daktari Waya hakuwa na uwezo wa kukata simu. Mtafiti mwenyewe ndiye aliyemnyima uwezo huo.

"Ikawaje?" akauliza kwa pua.

"Jirani akaniambia eti ngazi ilikuja hivyo hivyo."

Mtafiti akacheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Polepole akajikuta anataka kujua kweli habari za ile ngazi.

"Na dawa unameza?"

"Kile kidonge cheupe nimeacha. Wiki ya tatu sasa. Kinanitia kizunguzungu."

"Hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Binti yangu msomi, ana mambo mengi. Sitaki asumbuke."

Ilibidi mtafiti aachie pua kidogo ili apumue.

"Namba nane, usiondoke leo kabla hujamwona muuguzi. Mwambie habari ya kizunguzungu. Atakubadilishia. Unaniahidi?"

"Nakuahidi. Una mafua wewe, funika kifua." Mama akaongeza. "Unajua, sauti yako inanikumbusha mtu."

Simu ikakatika. Mtafiti alibaki kwenye ndoo, shati limelowa jasho. Ukuta wa stoo ulikuwa wa mbao nyembamba, akatega sikio.

Dereva alisema mtu, kwa sababu mashine haipigi chafya. Wawili wengine nao wakasema mtu. Lakini wanne walishikilia kwamba ni mashine: simu ilipokelewa mara moja, wakapewa pole, na hakuna aliyewaambia warudi kesho.

Watatu kwa wanne. Alibaki Mama.

Mtafiti alifumba macho. Akisema mtu, shahada imepatikana. Akisema huyo ni binti yangu, basi amekwisha, na hana pa kuuficha uso wake. Ile kauli ya sauti inayomkumbusha mtu ilimkata maini.

"Mama," Profesa aliuliza, "ulizungumza na mtu au na mashine?"

"Mashine," alijibu Mama bila kufikiri.

"Una uhakika?"

"Nina binti, Profesa, kwa hiyo watu nawajua. Hiyo nimeongea nayo dakika arobaini nzima, haijaniambia hata mara moja kwamba iko kwenye kikao."